Fungate ya Maldivi: Uliza Boti Kabla ya Chumba

Mdogo wangu alifika Jumapili baada ya chakula cha mchana, mkononi ana karatasi mbili alizochapishiwa na wakala wa safari. Hata kukaa hakukaa vizuri.

"Shikamoo dada. Fungate nimeshaipata. Maldivi, siku 5, dola 320 kwa usiku, chumba cha watu wawili na chai ya asubuhi imo. Dola 1,600, basi."

"Marahaba. Lete nione."

Harusi yake ni Januari. Amejibana miaka miwili, hajanunua gari, hajabadilisha simu, na nilijua kwamba dola 1,600 pamoja na tiketi za ndege ndiyo hesabu aliyokuwa akiiomba Mungu. Niliisoma karatasi mpaka chini, nikarudi juu kwenye ile 320. Pembeni yake palikuwa na alama mbili za kujumlisha, ndogo kama punje za mtama. Nikamuuliza kama ameziona. Akasema ameziona, akadhani ni daraja la hoteli, kama nyota.

Alama hizo ndipo hesabu ya Maldivi inapoanzia. Ya kwanza ni tozo ya huduma, ambayo kwa kawaida ni asilimia 10. Ya pili ni kodi ya serikali kwa bidhaa na huduma za utalii. Kodi hii ilikaa asilimia 12 kwa miaka kadhaa, ikapandishwa hadi 16 Januari 2023, na tangu tarehe 1 Julai 2025 ni asilimia 17. Tena inapigwa juu ya bei ikiwa imeshajumlishwa tozo. Kwa hiyo kila dola 100 iliyoandikwa na alama zile mbili inatoka mfukoni ikiwa dola 128 na senti 70. Ni hivyo kwa chumba, kwa samaki wa kuchoma, kwa juisi, kwa kusingwa mgongo, kwa kila kitu utakachotia sahihi ukiwa kisiwani.

Nikachukua kalamu, nikaanza kuandika nyuma ya kadi ya mchango wa harusi ya mtu mwingine. Dola 1,600 ikawa 2,059 na senti 20. Kisha kuna kodi ya kijani, inayolipwa kwa kila kichwa kwa kila usiku. Tangu Januari 2025 imepandishwa maradufu: dola 12 kwa hoteli za visiwani, dola 6 kwa nyumba ndogo za wageni zilizo kwenye visiwa vya wenyeji. Watu wawili, siku 5, dola 12, ni dola 120. Tukafika 2,179 na senti 20.

"Sasa," nikamwambia, "hapo hujafika chumbani. Bado umesimama uwanja wa ndege na begi lako."

Hilo ndilo ambalo wakala wake hakulisema, na ndilo ninalotaka kila anayepanga safari hii alijue kabla hajatazama picha hata moja. Maldivi ni visiwa vipatavyo 1,200 vilivyopangwa katika atoli, yaani pete za matumbawe, kwa urefu wa kilomita zaidi ya 800, kuanzia kaskazini hadi kuvuka mstari wa ikweta. Ndege zinazotoka Dubai na Doha hutua uwanja wa Velana, uliojengwa kwenye kisiwa cha Hulhulé kando ya mji mkuu, Malé. Na tangu hoteli ya kwanza ya kitalii, Kurumba, ifunguliwe mwaka 1972, utaratibu umekuwa hoteli moja, kisiwa kimoja. Hakuna kutoka nje kutafuta teksi ya bei nafuu. Chombo cha kukupeleka amekipanga mwenye hoteli na nauli ameipanga yeye, nawe umeshalipia chumba. Huna pa kusimama kupatana bei.

Vyombo vyenyewe vinatofautiana kama usiku na mchana. Kwa visiwa vilivyo karibu na Malé kuna boti ya kasi, ambayo hoteli nyingi hutoza kati ya dola 100 na 200 kwa mtu mmoja, kwenda na kurudi. Kwa visiwa vya mbali kuna ndege ndogo ya kutua majini, na hapo nauli ya dola 400 hadi 600 kwa kichwa ni jambo la kawaida, wakati mwingine zaidi. Kuna pia ndege ya ndani inayotua kwenye uwanja wa atoli fulani, halafu boti inamalizia. Na kuna feri ya umma, ambayo haiendi kwenye hoteli hizi kabisa, hiyo tutaifikia.

Hoteli ya mdogo wangu ilikuwa ya ndege ya majini. Niliipata nauli kwenye ukurasa wa pili wa karatasi zake, katika maandishi madogo ya chini: dola 480 kwa kila mmoja. Watu wawili, dola 960. Jumla ikaruka hadi 3,139 na senti 20. Alikuwa amesimama, sasa akakaa.

Sitaki mtu aelewe kwamba naisema vibaya ndege ile. Nimeipanda. Ni Twin Otter, ina maboya mahali pa magurudumu, na rubani wetu aliirusha miguu mitupu kama mtu anayeendesha ngalawa. Unapaa chini chini, dirishani unaona zile pete za matumbawe zikipita moja baada ya nyingine, bluu iliyoiva, kisha bluu nyepesi, kisha mchanga. Mume wangu alinishika mkono na hatukusema neno, maana hata ungesema, kelele za injini zisingekuruhusu kusikika. Lakini ndege hiyo ina sheria mbili, na zote zina bei. Ya kwanza ni mzigo: kilo 20 za begi na kilo 5 za mkononi, na kila kilo ya ziada inalipiwa. Begi lako lililokubaliwa Dar es Salaam likiwa na kilo 30 halina kosa lolote mpaka lifike pale kwenye mizani ya Malé. Ya pili ni mwanga. Haziruki usiku. Ukitua Velana baada ya saa tisa na nusu alasiri hivi, huna uhakika wa kuondoka siku hiyo.

Hilo la pili lilitupata wenyewe. Tulitua saa kumi na moja jioni. Hoteli ilikuwa imetuandikia kwamba tutapokelewa uwanjani, na kweli tulipokelewa: kijana mwenye kibao chenye majina yetu alitutia kwenye gari, akatuvusha hadi kisiwa cha Hulhumalé, akatuonyesha mapokezi ya nyumba ya kulala wageni na kutuambia ndege yetu ni kesho asubuhi. Chumba kile tulikilipia wenyewe, dola 90. Usiku ule wa kwanza wa kisiwani, ambao tulikuwa tumeshaulipa miezi mitatu kabla, haukurudishwa hata senti. Nilikaa kwenye kitanda, dirisha linatazama ukuta, pikipiki zinapita chini, nikiwa na gauni jipya begini. Nilikasirika, na nikikumbuka bado nakasirika, kwa sababu saa ya ndege yetu waliijua tangu siku tulipoweka nafasi.

Nikamuuliza mdogo wangu anatua saa ngapi. Akafungua simu. Saa kumi na dakika arobaini jioni, kwa saa za kule, ambazo zinatutangulia kwa saa mbili.

Kikabaki chakula. Bei yake ilikuwa na chai ya asubuhi tu. Kwenye kisiwa cha hoteli hakuna mama lishe, hakuna duka la mangi, hakuna pa kwenda. Mchana na usiku utakula pale, na chakula kimekuja kwa meli na boti, kwa bei ya meli na boti. Nilimpigia dola 90 kwa mtu mmoja kwa siku, na hapo sikumpigia mtu anayejiachia. Dola 900 kwa wawili kwa siku 5, ukiweka tozo na kodi ni dola 1,158 na senti 30. Jumla kuu: dola 4,297 na senti 50. Hapo sijaandika kulala Hulhumalé, wala matembezi yoyote, wala tiketi za ndege.

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza swali zuri: "Na zile wanazosema umelipia kila kitu?"

Vifurushi hivyo vipo, na kwa watu fulani vinalipa. Lakini sehemu kubwa ya bei yake ni pombe. Bia na mvinyo vinaingia Maldivi kwa kibali cha hoteli peke yake, na vinauzwa ghali, kwa hiyo Mzungu anayekunywa tangu saa sita mchana anaona nafuu kubwa. Mdogo wangu na mchumba wake hawanywi. Wangemlipia mtu mwingine glasi yake. Kwa msafiri asiyekunywa, kifurushi cha milo mitatu, au cha chai ya asubuhi na chakula cha usiku, ndicho cha kuulizia, na uulize kwa maandishi kama maji ya kunywa yamo. Chupa ya maji kisiwani si kitu cha kudharau.

Sasa ile njia nyingine. Kwa miaka mingi mgeni hakuruhusiwa kulala kwenye visiwa wanavyoishi wenyeji. Utalii ulitengwa kwenye visiwa vyake. Serikali ya Mohamed Nasheed, aliyeingia madarakani mwishoni mwa mwaka 2008, ndiyo iliyofungua mlango huo, na kisiwa cha Maafushi, kilichopo kusini mwa Malé, kikawa cha kwanza kujaa nyumba za wageni. Leo zipo kila mahali: Maafushi penyewe, Dhigurah penye papa potwe, Thoddoo penye mashamba ya matikiti na mapapai, Ukulhas, Rasdhoo, Fulidhoo. Kwetu neno gesti limeshapakwa matope. Kule ni hoteli ndogo ya ghorofa tatu nne, yenye kiyoyozi, mashuka meupe na kijana wa mapokezi anayekujua jina.

Twende na hesabu. Chumba cha dola 70 chenye chai ya asubuhi, siku 5, ni dola 350. Weka tozo na kodi, dola 450 na senti 45. Kodi ya kijani kwa dola 6, dola 60. Boti ya kasi ya abiria wote kutoka Velana hadi Maafushi, dola 25 kwa mtu kwa safari moja, chini ya saa moja majini: kwenda na kurudi kwa wawili, dola 100. Umeshafika chumbani na umerudi, kwa dola 610 na senti 45. Mchana na usiku mnakula migahawani, dola 12 kwa sahani, jumla 240. Matembezi mawili ya boti, ya kuogelea kwa miwani na mrija kwenye matumbawe na kwenda kwenye fungu la mchanga, tuseme dola 40 kwa mtu kwa kila moja: 160. Na siku moja nzima ndani ya hoteli ya kisiwa cha jirani, na chakula chao na ufuo wao, ambayo huuzwa kama tiketi ya siku: niliweka dola 120 kwa mtu, 240. Jumla kuu, dola 1,250 na senti 45. Tofauti na ile ya kwanza ni dola 3,047. Watu wawili, bahari moja.

Anayetaka kushuka zaidi ataipanda feri ya umma kutoka Malé. Maafushi ni kama saa moja na nusu, nauli ni dola chache tu, na Ijumaa haitembei. Kwa kijana mmoja mwenye begi la mgongoni naisifu sana. Kwa bibi harusi na masanduku mawili, baada ya usiku mzima kwenye ndege, hapana. Dola 25 za boti ya kasi zilipwe.

Ila visiwa vya wenyeji vina masharti yake, na hapa msomaji wa Kiswahili ana faida ambayo mtalii wa Ulaya hana. Nchi ni ya Waislamu. Pombe hakuna kabisa kisiwani, nguruwe hakuna, nguo za kuogelea za wazi zinavaliwa kwenye ufuo mmoja uliotengwa na kuwekewa kibao, na mitaani unajisitiri. Mgeni mwingine anaona amebanwa. Anayetoka Mkunazini, Lamu au Mji wa Kale Mombasa anaona yuko nyumbani. Adhana unaisikia. Chakula huulizi kama ni halali. Mke wako akiingia baharini na nguo zake kamili hakuna anayemgeukia, maana wanawake wa pale nao wanaogelea hivyo hivyo. Ni ujirani wa zamani: Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, ndiye huyo huyo aliyekuja kuwa kadhi Maldivi miaka ya 1340. Ukienda Ramadhani tu ndipo ufikirie mara mbili, kwa kuwa mchana migahawa ya kisiwa cha wenyeji imefungwa, na hoteli za visiwani zinaendelea kama kawaida.

Kitu kimoja nilichokiona Maafushi sijakisahau. Asubuhi niliamka mapema kuliko mume wangu, nikashuka jikoni kuomba maji ya moto. Mama mmoja alikuwa amekaa kwenye mbuzi, mbuzi kabisa wa kukunia nazi, kibao cha kukalia na ulimi wa chuma wenye meno mbele yake, anakuna nazi miguu ameikunja upande kama shangazi yangu Pangani. Nazi ile aliichanganya kwa vidole na jodari aliyechambuliwa, kitunguu, pilipili na ndimu. Wanakiita mas huni. Kinaliwa na roshi, na roshi ni chapati. Nilimwonyesha kwa mikono kwamba kwetu mbuzi ni huyo huyo. Akacheka, akanisogezea kifuu nikune. Hicho kilikuwa ndani ya dola 70.

Basi je, hoteli ya kisiwa kizima ni kutupa pesa? La. Kuna kitu inauza ambacho kweli sisi hatuna, nacho ni maji. Nimelala Paje, nimelala Jambiani, na ninapapenda. Lakini kila mtu wa pwani anajua kwamba wakati wa bamvua bahari inakimbia mpaka huioni, mchana unabaki na mchanga, mwani na wanawake wanaochimba chaza, na kuogelea kunasubiri saa sita. Kupwa na kujaa kwa Zanzibar kunafika mita 4. Maldivi kunazunguka mita moja hivi. Bahari ipo mlangoni asubuhi, mchana na jioni, ndiyo maana wanaweza kujenga vyumba juu ya maji, ukashuka ngazi kutoka kitandani na kukutana na samaki. Ukilipia hicho, umelipia kitu halisi. Lakini mtu akiniambia anakwenda kule kwa ajili ya papa potwe, namwambia kwanza aende Mafia kati ya Oktoba na Machi, pesa itakayobaki anunue mabati.

Majira nayo yanabadilisha bei kuliko watu wanavyodhani, na hapa hatuhitaji kufundishwa, kwa sababu pepo ni zile zile zilizoleta majahazi yetu. Kaskazi, Desemba hadi Aprili kwa kule, ni kukavu, bahari imetulia, vyumba vina bei ya juu. Kusi likivuka ikweta linajipinda na kuwaingia kutoka kusini magharibi, Mei hadi Oktoba, lina mvua na mawimbi, na bei zinashuka sana. Wenye watoto wanaofunga shule Juni wanaipata nafuu hiyo, wakikubali kunyeshewa siku mbili tatu. Na ghuba ya Hanifaru, inayokusanya taa wakubwa wa manta, hujaa katika msimu huo wa kusi. Cha kuogopa ni wiki mbili za Krismasi na mwaka mpya: juu ya bei iliyopanda, hoteli nyingi huwalazimisha wageni kulipia karamu ya usiku wa sikukuu, wale au wasile. Nilimwambia mdogo wangu ashukuru kwamba harusi si tarehe 27 Desemba.

Kuhusu ndege, mstari mnyoofu kutoka Dar es Salaam hadi Malé ni kama kilomita 4,000, lakini mstari huo huwezi kuupanda. Ukipitia Dubai unasafiri karibu kilomita 7,000, saa tano na nusu kwanza, kisha saa nne hivi, na katikati unasubiri. Urefu wa kusubiri ndio unaoamua unatua saa ngapi Velana, na saa ya kutua ndiyo inayoamua unapanda chombo gani. Tiketi iliyo nafuu kwa dola 60 na inayokuteremsha jioni si nafuu kwa mtu wa ndege ya majini. Kwenye tiketi hiyo pia mna kodi mbili za uwanja wakati wa kuondoka, dola 50 na dola 50 kwa daraja la kawaida tangu Desemba 2024. Usishtuke ukiona sehemu ya kodi imenenepa.

Viza ni bure ukifika, siku 30, kwa pasipoti za nchi karibu zote, nasi tumo. Wanataka tiketi ya kurudi, malazi yaliyothibitishwa, pesa za kujikimu, na fomu ya IMUGA iliyojazwa mtandaoni ndani ya saa 96 kabla ya safari. Fomu hiyo ni bure. Kurasa zinazokutoza pesa kuijaza ni za matapeli. Cheti cha homa ya manjano kibebe pamoja na pasipoti. Usiweke begini chupa ya pombe wala nyama ya nguruwe. Na beba dola ndogo ndogo kwa visiwa vya wenyeji, maana sarafu yao, rufiyaa, huipati Dar es Salaam.

Tulipofika hapo mdogo wangu alimpigia mchumba wake, akaweka simu mezani. Nilimsomea hesabu zote mbili. Alisikiliza, kisha akasema taratibu:

"Wifi, Maafushi nimeipenda. Ila naomba kitu kimoja. Nilale juu ya maji, hata mara moja. Nimeiwaza tangu nikiwa sekondari."

Ombi la namna hiyo huwezi kulijibu kwa kalamu. Lakini kalamu inaweza kulisaidia. Tulianza upya: siku 4 Maafushi, kisha siku 2 za mwisho kwenye hoteli ya kisiwa iliyo karibu, ya kufikika kwa boti, ambayo inaondoka hata usiku na haimwachi mtu Hulhumalé. Maafushi, pamoja na kodi zote, boti, chakula na matembezi mawili, dola 860 na senti 36. Hoteli ya dola 300 kwa usiku, siku 2, dola 772 na senti 20. Kodi ya kijani 48. Boti dola 150 kwa mtu, 300. Chakula cha dola 80 kwa mtu kwa siku, kikiwa na tozo na kodi, dola 411 na senti 84. Jumla ya siku 6, dola 2,392 na senti 40. Hoteli inawekwa mwishoni kwa makusudi, ili boti yao iwapeleke moja kwa moja uwanja wa ndege, na ili wafike pale wakiwa wameshaogelea vya kutosha, wasinunue matembezi ya bei ya hoteli.

Bado ni zaidi ya ile 1,600 aliyokuja nayo. Alilisema hilo, nami sikubisha. Tukakubaliana kwamba michango ya dada zake wawili, ambayo ingekwenda kwenye keki ya ghorofa tano, iende kwenye boti.

Vyumba vya juu ya maji kwa dola 300 si vingi, na nilimwonya kwamba huenda akapata usiku mmoja tu juu ya maji na mmoja ufukweni. Hoteli nyingi hukubali kuhamisha mgeni chumba, ukiwaandikia mapema. Akafungua barua pepe, akaanza kuandika kwa hoteli tatu tulizozichagua. Nilitazama juu ya bega lake. Picha hakuuliza, wala nyota. Mstari wa kwanza ulisema: tunakuja kutoka Maafushi, boti yenu inaondoka Velana saa ngapi, na ni dola ngapi kwa mtu, kodi zote zikiwemo?